Chini ya changarawe: viumbe wasioonekana wanaosafisha mito ya miji

Katika mtaa wa Ladywood mjini Birmingham, Uingereza, maji yapo kila upande lakini mto hauonekani. Utafiti wa miongo ya karibuni unaonyesha kwamba mji unapoufukia mto wake haupotezi mandhari peke yake. Hupoteza pia viumbe wadogo mno wanaoishi chini ya changarawe, ambao huyasafisha maji usiku na mchana bila ya malipo.

Mgeni anayefika Ladywood, magharibi ya katikati ya jiji la Birmingham, hatakosa kuona maji. Atayaona kwenye mifereji iliyochimbwa katika karne za 18 na 19 kwa ajili ya mashua za kubeba makaa ya mawe na bidhaa za chuma. Atayaona tena kwenye bwawa kubwa la Edgbaston, lililojengwa na mhandisi Thomas Telford katika miaka ya 1820 ili mifereji hiyo isikaukiwe. Lakini akiuliza mto uko wapi, huenda mwenyeji wake akasita kidogo kabla ya kumjibu.

Jibu ni kwamba vijito vya upande huu wa jiji vilizuiwa, vikafukiwa au vikazungushiwa matofali. Kijito cha Rotton Park Brook kilizibwa kwa tuta, na hapo ndipo lilipopatikana bwawa la Edgbaston. Hockley Brook, kinachopita upande wa kaskazini, leo husafiri sehemu kubwa ya njia yake ndani ya makaravati, chini ya barabara na majengo. Mto Rea nao, ambao Birmingham ilianzia penye kivuko chake, hupita mashariki ya katikati ya jiji, ndani ya jimbo la uchaguzi la Ladywood, ukiwa umebanwa katika mtaro wenye kuta ndefu za matofali kwenye eneo la viwanda vya zamani la Digbeth.

Kwa macho ya mpita njia, mfereji na mto ni kitu kimoja: yote ni maji kati ya kingo mbili. Lakini kwa maumbile yao, viwili hivi ni kinyume kabisa. Mafundi waliojenga mifereji ya Birmingham walishindilia udongo wa mfinyanzi chini na pembeni ili tone la maji lisipotee. Mto wa asili, kwa upande wake, huvuja. Maji yake hushuka ndani ya mchanga na changarawe, husafiri gizani kwa muda, kisha hupanda na kurudi mtoni mbele kidogo. Katika safari hiyo fupi ndipo maji husafishwa.

Mchanga na maji safi

Jambo hili si geni kwa watu wengi wa Afrika Mashariki. Huko Kitui na Machakos nchini Kenya, na katika makorongo ya Dodoma nchini Tanzania, mito mingi hukauka juu wakati wa kiangazi. Wenyeji hawaendi kuchota maji kwenye dimbwi lililobaki juani, bali huchimba kisima kifupi ndani ya mchanga wa mto na kungoja maji yajikusanye. Hutoka yakiwa baridi, na aghalabu huwa meupe kuliko ya dimbwini, ingawa bado yanahitaji kuchemshwa kabla ya kunywewa. Ujuzi huo ndio uliokuzwa katika mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa mamia huko Ukambani, ambamo ukuta huzuia mchanga, na mchanga ukahifadhi maji.

Mchanga huchuja takataka kama kitambaa kinavyochuja tui, lakini kazi yake haiishii hapo. Kila punje ya mchanga na kila kokoto iliyo chini ya mto imefunikwa na utando mwembamba unaoteleza. Mtu aliyewahi kuteleza juu ya jiwe la mtoni ameukanyaga utando huo. Ndani yake wanaishi bakteria, kuvu na viumbe wengine wasioonekana kwa macho, waliojishikiza pamoja kwa ute wanaoutoa wenyewe. Maji yanayopita juu ya mto hukutana na utando huu kwa muda mfupi tu. Maji yanayopenya chini huugusa kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa, kwani kiasi kidogo cha mchanga kina punje nyingi sana, na kila punje ni makazi.

Mwanasayansi wa Romania, Traian Orghidan, alilipa eneo hili jina mwaka 1959. Alilieleza kuwa ni makazi ya pekee, yaliyo kati ya maji ya mtoni na maji ya chini ya ardhi, na akaliita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya chini na mtiririko. Tangu hapo wataalamu huliita ukanda wa haiporeiki. Kina chake hutofautiana: mahali pengine ni sentimita chache tu, kwingine ni mita kadhaa, na katika mito yenye changarawe nyingi huweza kuenea pembeni mbali na kingo.

Zamu mbili za kazi

Ili kufahamu kazi ya viumbe hawa, yafaa kuifuata safari ya uchafu mmoja ulio wa kawaida mno mijini, nao ni naitrojeni. Maji taka yakivuja kutoka kwenye bomba lililopasuka, au mkojo ukisombwa na mvua, mtoni huingia amonia. Amonia ni sumu kwa samaki. Katika tabaka la juu la changarawe, ambako maji yana oksijeni ya kutosha, bakteria wa aina moja huibadilisha amonia na mwisho wake hupatikana naitreti. Naitreti si sumu kali kama amonia, lakini ikizidi hurutubisha mwani, nao mwani ukioza hula oksijeni yote ya maji, na samaki wakafa kwa kukosa pumzi.

Hapo ndipo zamu ya pili huanza. Maji yanaposhuka zaidi, oksijeni hupungua kwa sababu viumbe wa juu wameshaitumia. Chini huko wanaishi bakteria wanaoweza kupumua bila oksijeni ya kawaida. Huchukua oksijeni iliyofungwa ndani ya naitreti, hutumia majani yaliyooza kuwa chakula chao, na kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, gesi ileile inayofanya asilimia 78 ya hewa inayovutwa na kila mtu. Uchafu huo haukufichwa wala haukusukumwa kwa jirani wa chini ya mto. Umeondoka majini kabisa.

Kazi hii inahitaji mambo matatu: changarawe yenye nafasi za kupitisha maji, mabaki ya mimea ya kuwalisha bakteria, na muda. Wapo pia wasaidizi wakubwa kidogo. Minyoo, viluwiluwi vya wadudu na jamaa wadogo wa kamba hujipenyeza kati ya kokoto, wakila utando uliozidi na kuacha vijinjia vya maji kupita. Wasipokuwapo, changarawe huziba haraka.

Mtaro wa matofali au wa zege huviondoa vyote hivyo kwa pamoja. Hauna changarawe, majani hayatulii, na maji hupita mbio. Mwaka 2015 watafiti waliolinganisha vijito vilivyofukiwa na vilivyo wazi katika miji ya Cincinnati na Baltimore nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha tofauti hiyo kwa hesabu. Katika vijito vilivyofukiwa, naitreti ilisafiri kwa wastani umbali mara 18 zaidi kabla ya kuondolewa majini. Kwa maneno mengine, kijito kilichofukiwa hakiumalizi uchafu wake, bali huupeleka kwa mwingine.

Kwa nini Birmingham ilifukia mito yake

Hata hivyo, haingekuwa haki kuwalaumu watu wa zamani bila kuutazama wakati wao. Vijito vya Birmingham vilifanyishwa kazi tangu mapema. Katika miaka ya 1760 Matthew Boulton alijenga kiwanda chake cha Soho, kilichoendeshwa kwa gurudumu la maji ya Hockley Brook. Wakati wa kiangazi maji yalipungua na gurudumu likasimama. Shida hiyo ni moja ya sababu zilizomfanya Boulton avutiwe na injini ya mvuke, na mwaka 1775 akaanzisha ubia na mvumbuzi James Watt. Kijito ambacho leo watu huendesha magari juu yake bila kujua kilikuwa na sehemu yake katika mapinduzi ya viwanda.

Viwanda vilileta watu, na watu wakaleta maji taka. Kufikia katikati ya karne ya 19, Mto Rea na Mto Tame, ambao Rea huingia ndani yake, ilikuwa imegeuka mitaro ya kinyesi na taka za viwandani. Mwaka 1858 mwenye ardhi mmoja aliyeishi upande wa chini wa Mto Tame, Charles Adderley, aliishitaki halmashauri ya mji wa Birmingham kwa kuuchafua mto, na mahakama ikatoa amri dhidi ya mji huo. Kesi hiyo hukumbukwa hadi leo katika sheria za mazingira za Uingereza.

Mji ulilazimika kutafuta njia. Mwaka 1877 iliundwa bodi maalumu ya maji taka ya mabonde ya Tame na Rea. Mwanzoni maji machafu yalimwagwa mashambani ili udongo uyachuje. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wahandisi wa bodi hiyo walijenga matandiko makubwa ya mawe, na maji taka yakanyunyiziwa juu yake na kuteremka polepole. Juu ya kila jiwe uliota utando wa bakteria, nao ndio uliofanya kazi ya kusafisha.

Hapo pana jambo la kustaajabisha. Katika enzi zilezile ambazo Birmingham iliibana mito yake kwa matofali na kuwanyima makazi bakteria wa mtoni, ilikuwa ikitumia fedha nyingi nje ya mji kujenga kitu kinachofanana na sakafu ya mto. Wahandisi hao walijua vyema thamani ya bakteria juu ya jiwe, lakini waliihesabu mito ya mjini kuwa ni hatari ya mafuriko na uvundo tu. Kwa mafuriko ya siku zao, kuunyoosha mto na kuyatoa maji haraka lilikuwa jawabu lenye maana. Gharama yake ilijulikana baadaye.

Sumu ya zamani chini ya mji

Birmingham ina sababu nyingine ya kuijali sakafu ya mito yake. Sehemu kubwa ya upande wa magharibi wa jiji imekaa juu ya mwamba wa mchanga wenye maji mengi ndani yake. Kwa miaka mingi viwanda vilivuta maji hayo kwa visima virefu. Viwanda hivyohivyo vilitumia vimiminika vya kuondolea grisi kwenye vyuma, hasa triklorethilini, na sehemu yake ikamwagika na kuzama ardhini. Viwanda vingi vilipofungwa kuanzia miaka ya 1970, visima viliachwa na maji ya chini yakaanza kupanda tena.

Maji hayo hatimaye hutokea mtoni, nayo hutokea kwa kupita katika sakafu ya mto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliufuatilia Mto Tame katika kipande cha takriban kilomita 7 na kuthibitisha kwamba vimiminika hivyo vya viwandani huingia mtoni kupitia huko. Palipo na matope yenye mabaki ya mimea na yasiyo na oksijeni, wapo bakteria wenye uwezo wa kuzinyofoa chembe za klorini moja baada ya nyingine kutoka kwenye sumu hiyo. Kazi ikikamilika, hubaki gesi isiyo na klorini. Ikikatizwa njiani, kinachobaki chaweza kuwa na madhara zaidi kuliko sumu ya mwanzo. Kwa hiyo mtu anayepanga kuchimba au kusafisha matope ya mto wa mjini inambidi kwanza ajue ni kazi gani inafanyika ndani yake.

Uchafu wa siku hizi nao hupita njia hiyo. Mwezi Januari mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu vipande vidogo mno vya plastiki. Ilidhaniwa kwamba vipande hivyo, kwa wepesi wake, hubebwa moja kwa moja hadi baharini. Hesabu zao zilionyesha kwamba vingi huvutwa chini pamoja na maji yanayopenya changarawe na kukaa humo. Karibu na chanzo cha mto, wakati maji ni machache, kipande cha plastiki chaweza kuchukua hadi miaka 7 kusogea kilomita 1 tu. Sakafu ya mto ni msafishaji, lakini pia ni ghala, na si kila kinachowekwa ghalani huoza.

Kuurudishia mto sakafu yake

Kwa muda mrefu, kuufufua mto wa mjini kulimaanisha kuupendezesha: kupanda miti, kuweka njia za kutembea, kuokota takataka na kuweka mawe machache ya mapambo. Mfano unaojulikana duniani ni kijito cha Cheonggyecheon mjini Seoul, Korea Kusini, kilichofunguliwa mwaka 2005 baada ya barabara ya juu iliyokifunika kubomolewa. Wakazi wa Seoul wanakipenda, na joto la mahali hapo limepungua. Lakini maji yake kwa sehemu kubwa husukumwa kwa pampu kutoka Mto Han. Ni bustani nzuri yenye maji, na haiwezi kuhesabiwa kuwa mto unaojitegemea.

Njia nyingine ilijaribiwa mjini Seattle, Marekani, katika kijito cha Thornton Creek, kilichokuwa kimebanwa na nyumba na kufurika mara kwa mara. Mwaka 2014 sehemu zake mbili zilijengwa upya. Wahandisi waliupanua mkondo, wakachimba chini na kujaza mchanganyiko wa changarawe na mchanga, kisha wakalaza magogo na mawe mahali maalumu ili kuyalazimisha maji kushuka, kutembea chini na kupanda tena. Sakafu ya mto ilipangwa katika michoro tangu mwanzo, kama vile fundi anavyopanga msingi wa nyumba.

Watafiti walipoyapima maji kabla na baada ya kupita chini ya changarawe hiyo, walikuta kwamba kemikali nyingi zinazosombwa na mvua kutoka barabarani zilikuwa zimepungua. Habari hiyo ina uzito katika eneo hilo la Marekani, kwa kuwa mwaka 2020 wanasayansi walibaini kwamba samoni wa aina ya coho walikuwa wakiuawa na kemikali inayotoka kwenye mipira ya magari. Mwaka 2018 samoni wakubwa wa aina ya Chinook walionekana wakitaga mayai katika sehemu iliyojengwa upya ya Thornton Creek. Na kwa kuwa kijito cha mjini huzungukwa na lami, na viumbe wa majini hawana njia ya kukifikia, watafiti wa eneo la Seattle wamejaribu hata kuwachukua wadudu wa majini kutoka mito yenye afya na kuwapandikiza katika vijito vya mjini.

Nchini Uingereza, Mto Quaggy ulitolewa katika makaravati kwenye bustani ya Sutcliffe, kusini mashariki ya London, mwaka 2004, na bustani hiyo ikafanywa mahali pa kupokea mafuriko. Mwaka 2009 Wakala wa Mazingira wa nchi hiyo ulitoa kitabu cha mwongozo kuhusu ukanda wa haiporeiki kwa ajili ya wasimamizi wa mito. Ilikuwa ni ishara kwamba jambo lililojulikana na wataalamu wachache lilikuwa limeanza kuingia katika ofisi za mipango.

Bakteria si waganga

Pamoja na hayo, wataalamu wanaonya dhidi ya matumaini yaliyopita kiasi. Bakteria wa mtoni hawawezi kushindana na bomba la maji taka linalomwaga bila kukoma. Kinyesi kikizidi, utando huwa mnene na kuziba nafasi kati ya kokoto, oksijeni huisha tangu tabaka la juu, na badala ya kusafisha, sakafu ya mto huanza kutoa harufu mbaya na gesi ya metheni. Vumbi la ujenzi na udongo wa mashamba huleta balaa hilohilo la kuziba.

Kadhalika, zamu ya pili ya naitreti isipokamilika, hutoka gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo huipasha dunia joto takriban mara 270 zaidi ya kaboni dioksaidi ya uzito uleule katika kipindi cha miaka 100. Madini mazito kama risasi na zinki hayawezi kuliwa na kiumbe yeyote. Huweza tu kushikwa kwenye matope, na mafuriko makubwa yakaja kuyaachia. Kwa sababu hizo, kuziba mabomba yanayovuja na kuzuia taka za viwandani hutangulia, ndipo kazi ya kurudisha changarawe hufuata. Mji ukianza na la pili na kuliacha la kwanza, changarawe yake itaziba kabla bakteria hawajaenea.

Mto Rea wenyewe ni mfano wa ugumu huo. Una urefu wa takriban kilomita 22, kutoka vilima vya Waseley hadi unapokutana na Tame karibu na makutano maarufu ya barabara yanayoitwa Spaghetti Junction. Katika sehemu za juu, penye bustani na miti, bado yapo maeneo yenye changarawe. Ndani ya Digbeth ni matofali. Mipango ya jiji imezungumzia kuufungua mto huo kadiri eneo hilo linavyojengwa upya kwa makazi. Lakini kuta hizo hushikilia misingi ya majengo, udongo wa pembeni una mabaki ya viwanda, na mvua kubwa bado huujaza mtaro kwa muda mfupi. Kuubomoa ukuta bila kuyapatia maji mahali pa kutanuka ni kuwakaribishia wakazi mafuriko.

Somo kwa Nairobi na Dar es Salaam

Kwa miji ya Afrika Mashariki habari za Birmingham ni onyo, na ni nafasi pia, kwa kuwa mito yao mingi haijazikwa bado. Nairobi ilipata jina lake kutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira wa Kenya, kuanzia mwaka 2008 hadi alipofariki dunia mwaka 2012, aliongoza juhudi za kuusafisha Mto Nairobi, na bustani ya kando ya mto karibu na katikati ya jiji hubeba jina lake. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2024, serikali iliamuru watu waondoke kandokando ya mito na nyumba nyingi zikabomolewa. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango mwingine mkubwa wa kuukarabati mto huo.

Jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupita Jangwani na kuingia Bahari ya Hindi. Mafuriko yake yameua watu na mara nyingi yamekatiza barabara na usafiri wa mabasi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo, na familia zilizokuwa zikiishi bondeni zimelipwa fidia na kuhama. Watu wameacha nyumba zao ili mto upate nafasi. Ni haki yao kuuliza nafasi hiyo itatumikaje.

Swali lenyewe si gumu, na halihitaji maabara. Chini ya maji patawekwa nini: zege, au mawe na mchanga? Maji yatanyooshwa yakimbie, au yataachiwa kona, vizingiti na magogo ya kuyapunguza mwendo? Kingo zitajengwa ukuta, au zitaoteshwa matete na miti ambayo majani yake ni chakula cha bakteria? Na kabla ya yote hayo, maji taka ya mitaa ya juu yataelekezwa wapi?

Lipo na swali la mchanga. Kila siku malori hubeba mchanga wa mito kwenda kwenye majengo ya miji inayokua. Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya wananchi kuona visima vyao vya mtoni vikikauka. Wanaotetea sheria za namna hiyo huzungumzia maji ya kunywa na kingo zinazobomoka. Sayansi ya ukanda wa haiporeiki inaongeza hoja ya tatu, kwamba mchanga unaochukuliwa huondoka pamoja na viumbe waliokuwa wakiyasafisha maji, na zege linalomwagwa kutokana na mchanga huo mara nyingi ndilo linalotumiwa kuuzibia mto mwingine mjini.

Birmingham imechukua zaidi ya miaka 150 tangu kesi ya Charles Adderley kufikia hatua ya kutafakari jinsi ya kuurudisha mto ambao iliuzungushia matofali kwa mikono yake. Kwa sasa maji ya Hockley Brook yanaendelea kupita gizani chini ya barabara, na Rea bado umo ndani ya kuta zake. Msimbazi na Mto Nairobi, pamoja na uchafu wake wote, bado ina mchanga na changarawe katika sehemu zake nyingi.